Wingu la Kati ya Misalaba Miwili

Eufrasia alikuwa na macho. Si ya kurembulia watu, ya kuonea. Mtumbwi ukiwa bado nukta juu ya maji, yeye alishataja ni wa nani, na kama umekaa juu au umezama, maana yake kama kuna samaki au hakuna. Wavuvi wa upande ule wa Majita unaotazama Bunda ng'ambo ya maji walimtania mumewe, Masatu.

"Wewe hukuoa mke. Umeoa mnara wa bandari."

"Na nyie mmeoa nini?" aliwajibu. "Mnarudi, wake zenu wanauliza wewe nani."

Walioana mwaka ule baada ya Uhuru, ziwa lilipopanda likameza migomba ya ufukweni. Eufrasia alikuwa na miaka kumi na saba. Walipata watoto watatu. Helena alikwenda na surua akiwa na miaka minne. Wawili waliomfuata hawakufika hata kutambaa. Baada ya hapo hakushika mimba tena. Watu waliendelea kumwita Mama Helena, na Masatu wakaendelea kumwita Baba Helena, kwa kuwa kule mtu akishapewa jina la mtoto haliondoki, hata mtoto akiondoka.

Kazi yake kubwa Eufrasia aliifanya mwezi wa kumi na moja. Hapo ndipo Kilimia kinapoanza kutoka mashariki giza linapoingia, zile nyota ndogo zilizosongamana, na watu wanajua wakati wa kupanda pamba na mtama umefika. Wengi waliona ukungu tu. Eufrasia alihesabu.

"Sita," alisema. "Na ya saba inakonyeza."

Wanawake wakaenda kupanda. Bwana shamba naye alikuja na tarehe zake kwenye karatasi. Walimwitikia vizuri, wakampa maziwa, halafu wakaenda kumwuliza Eufrasia. Aliyekuwa wa kwanza kumwuliza kila mwaka ni Benedikta, mke wa Clementi, balozi wa nyumba kumi. Hao wawili walikwenda kuchota maji pamoja na kurudi pamoja. Ukimwona mmoja peke yake ulimwuliza mwenzake anaumwa nini.

Mwaka wa themanini, vita vya Uganda vikiwa vimekwisha, mdogo wake Eufrasia aliyekuwa jeshini alikuja likizo. Jina lake Leodgar. Alileta vipande vinne vya sabuni, kanga moja, na darubini ya macho mawili ndani ya mfuko wa ngozi.

"Hii ilikuwa ya adui, inatutazama sisi," alisema. "Sasa itatazama samaki. Shika, shemeji."

Masatu aliiweka machoni. "Mbona mkono wangu uko mbali hivi?"

"Umeigeuza, shemeji."

Eufrasia alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua zilikuwa zimekwisha. Jua lilipozama na anga kuwa jeusi, Leodgar alimsimamisha dada yake uani, akamgeuza kusini.

"Unaona Msalaba?"

"Naona miwili."

"Mmoja ni wa uongo. Ule wa kulia, mkubwa, umelegea. Wa kweli ni huu wa kushoto, mdogo, unaowaka. Mapadri wenyewe wanachanganya. Sasa tazama katikati yao."

Eufrasia hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Pana doa," alisema. "Kama mtu amepumulia kioo."

"Weka darubini."

Akaweka. Alitazama muda mrefu, hata Masatu akadhani hakuona kitu.

"Ni wingu," alisema mwishowe. "Lakini halisogei. Limejaa nyota ndogondogo. Na chini yake, Leodgar, kuna Kilimia! Kilimia kingine, kidogo. Kumbe viko viwili, na miaka yote mimi natangaza kimoja!"

Leodgar alieleza. Kule vitani alilala handaki moja na mwalimu kutoka Bunda aliyeandikishwa mgambo. Wengine wakiogopa waliomba, wengine walitukana, huyu alifundisha. Alisema lile si wingu la mvua. Ni hewa tu, na ndani yake kuna nyota changa. Moto wa hizo nyota unaipasha hewa mpaka nayo inang'aa yenyewe, kama karabai inavyoufanya utambi wake uwe mweupe.

"Kwenye picha ya kitabu chake lilikuwa jekundu," alisema.

"Mimi naliona jeupe."

"Jicho la mtu haliwezi, dada. Ni mbali mno. Hapo ndipo nyota zinapozaliwa. Na hicho Kilimia chako kidogo, hao wameshatoka kwenye moshi. Wachanga bado, ila wameshaachishwa kunyonya."

"Wachanga wa miaka mingapi?"

"Milioni kadhaa."

"Mtoto wa miaka milioni!"

"Kwa nyota huyo hajaota meno."

Walicheka wote. Halafu Eufrasia akairudisha darubini machoni.

"Kwa hiyo bado kuna mahali panazaliwa," alisema.



Baadaye watu walisema aliamini watoto wake wako kule. Si kweli. Hakuwa mjinga. Alipenda kuona kitu kinachoanza, basi. Nyumbani kwao kila kitu kilikuwa kinakwisha. Leodgar alirudi kambini Tabora akamwachia darubini, na kila kiangazi, shughuli za jioni zikiisha, Eufrasia alikaa nusu saa uani na wingu lake. Wakati mwingine Benedikta alikuja, wakapokezana.

"Mimi naona vumbi," Benedikta alisema.

"Subiri. Jicho linataka subira."

"Jicho langu linataka kulala, Mama Helena."

Miaka ile ilikuwa mibaya. Sabuni hakuna. Chumvi kwa foleni. Mafuta ya taa yakikosekana, wavuvi wa dagaa walikaa nchi kavu na karabai zao. Nyavu ziliungwa viraka juu ya viraka. Wanaume walivalia viroba shambani. Kilichopatikana kilitoka Kenya kwa njia ya ziwa, na kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza.

Halafu ikaja themanini na tatu. Mwezi wa nne redio ilianza kutaja wahujumu uchumi. Msako uliingia Musoma. Watu walioficha bidhaa walizitupa wenyewe: sukari kwenye vyoo, mabati porini, vitenge ziwani vikaelea hadi wavuvi wakavivua. Kijiji cha jirani alichukuliwa mzee mmoja mwenye madebe mawili ya mafuta ya kula. Clementi, kama balozi, aliita mkutano akasoma alichopewa kusoma. Kitu kisicho na risiti kitachukuliwa, na mwenyewe atachukuliwa. Akaongeza, "Na vitu vya jeshi pia."

Masatu aliona kama Clementi amemtazama yeye.

Masatu alikuwa mtu wa woga. Maji hakuyaogopa. Aliogopa karatasi, kofia, na gari la serikali. Kusoma hakujua, na mtu asiyesoma kila karatasi kwake ni hukumu. Alirudi akahesabu makosa yake: vipande viwili vya sabuni vilivyobaki, kanga ambayo haijashonwa pindo, darubini ya jeshi. Risiti hana hata moja. Alfajiri, Eufrasia akiwa shambani, alivitia vyote kwenye kapu, akapanda jiwe kubwa la ufukweni, akavitupa. Kanga ilikataa kuzama. Aliisukuma kwa kasia.

Eufrasia aliporudi aliona msumari mtupu ukutani.

"Darubini iko wapi?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa moja tu. "Wamechukua," alisema.

"Nani?"

"Wao. Watu wa balozi."

Masatu hakufikiri kwamba angekwenda kuidai. Alidhani mkewe ataogopa kama yeye. Eufrasia hakunawa hata matope ya miguu. Alikwenda moja kwa moja kwa Clementi.

"Balozi, nirudishie macho yangu."

"Macho gani, Mama Helena?"

"Sabuni kaogeni. Darubini nirudishie."

"Hapa hakujaingia kitu," alisema Benedikta. "Mama Helena, nitazame. Mimi ningekuficha?"

"Wewe ulikuwaga unajifanya unaona vumbi. Kumbe unaitamani!"

Wakatoleana maneno hadi majirani wakajaa. Mwizi, mchawi, tasa. Yote yalisemwa, na hili la mwisho alilisema Benedikta. Baada ya hilo hapakuwa na la kuokota. Masatu aliyasikia yote akiwa nyuma ya nyumba yake. Alichukua wavu ambao haukuchanika akaanza kuushona.

Kuanzia siku ile Eufrasia alichota maji peke yake. Akikutana na Clementi alitema mate pembeni. Masatu kila asubuhi alimwamkia balozi kwa heshima, na balozi, kwa kuwa alikuwa mtu mzima, aliitikia. Mwezi wa kumi na moja ulipofika wanawake walikuja kuuliza Kilimia. Benedikta hakuja. Alipanda kwa kukisia, na pamba yake ikaota vibaya.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zinamalizika, Eufrasia alianza kuvimba miguu. Halafu pumzi ikawa fupi. Masatu alimpeleka Musoma hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akasema ni moyo, akaandika karatasi.

"Dawa hii hapa hatuna. Mtatafuta nje."

"Nje wapi, daktari?"

Daktari alikuwa kijana, na alikuwa amechoka. "Nje," alisema tena, akaita mgonjwa mwingine.

Wakarudi. Shangazi yake Masatu, bibi Nyangi, alihamia kumwuguza. Alikuwa kizee mkavu kama ukuni. Uji aliweza kumnywesha, lakini kumgeuza kitandani hakuweza.

Jioni moja mwanzo wa mwezi wa sita, upepo wa kiangazi ukiwa umeshaanza, Eufrasia alisema, "Mvua zimekwisha. Litakuwa limetoka."

"Nini?"

"Wingu langu. Nitoe nje, Baba Helena."

Masatu angemtoa. Alikuwa mwepesi sasa, ukiondoa maji yaliyojaa miguuni. Lakini alipolifikiria lile wingu aliona jiwe, na kapu, na kanga inayokataa kuzama.

"Kwa macho matupu utaona nini? Ngoja nikutafutie darubini."

"Utaitoa wapi? Nitoe tu. Doa lake nitaliona."

"Ngoja. Nikutafutie. Uone vizuri."

"Linashuka, Baba Helena. Kila siku linawahi kidogo. Mwezi wa nane ukifika katikati, giza likiingia lenyewe limeshafika chini kwenye vilima vya Bunda."

"Nitawahi," alisema.

Alikwenda Musoma kwa miguu na kwa lori la pamba. Mtaa wa Iringo alizunguka duka hadi duka. Rafu zilikuwa tupu hadi unaona rangi ya ukuta. Nyuma ya kaunta moja alikaa mama mwenye duka akisuka ukili.

"Darubini?" alisema. "Baba, hata kiberiti sina. Mimi nafungua ili watu wasiseme nimekufa."

Mtaa wa Nyakato alielekezwa kwa askari mstaafu. Alikuwa nayo, aliitupa chooni mwaka jana. Walitazamana, wakaelewana. Siku mbili zikaisha.

Akavuka kwa mtumbwi kwenda upande wa Bunda, maana alisikia askari wa wanyama wanazo. Alimkuta mmoja, Mkurya mrefu aitwaye Mniko, ameining'iniza shingoni.

"Naomba niazime siku tatu," alisema Masatu. "Mke wangu anaumwa."

"Hii si dawa, mzee."

"Anataka kutazama nyota."

Mniko alimtazama kwanza kama anatania. "Hii ni ya serikali. Ya kuhesabia nyumbu na kutafutia majangili. Nyota hazina majangili."

"Njoo nayo wewe mwenyewe basi. Utamshikia."

"Majita? Na lindo langu niachie nani?" Alifikiri, akaona haya kidogo. "Mlete huku. Akifika nitamtazamisha, hilo halina neno."

Mtu asiyeweza kuvuka uani angevukaje maji? Masatu alimshukuru, kwa sababu aliambiwa vizuri. Siku nyingine tatu zikaisha, pamoja na upepo uliomzuia kurudi.

Nyumbani alimkuta Eufrasia amelala na uso kwenye ukuta.

"Kila jioni anauliza kama umefika," alisema bibi Nyangi. "Anga lilikuwa jeupe kama maziwa kwa nyota. Mimi ningembeba na nini?"

"Bado kidogo, shangazi."

Asubuhi alikwenda kwenye jiwe. Alikuwa anakijua kina cha pale: watu wawili kusimamiana. Akapiga mbizi. Chini kulikuwa na tope na giza la kijani. Alipapasa kwa vidole. Alitoka na konokono, akatoka na kigae, akatoka na damu puani. Siku ya pili aliukuta mfuko wa ngozi, umelainika kama ini. Darubini ilikuwa ndani. Aliibusu. Aliikung'uta maji, akaipangusa, akaianika juu ya paa siku mbili, akiigeuza kama samaki. Nje ilipata sura yake. Hakujua jinsi ya kuifungua aikaushe ndani.

Hizo zilikuwa jioni tisa tangu Eufrasia aombe kutolewa nje. Zote tisa anga lilikuwa safi.

Ya kumi alimbeba mkewe akamtoa nje, akamkalisha kwenye mkeka, akamwegemeza kifuani kwake. Walikuwa wameanza kuchoma majani upande wa Bunda, kama wanavyofanya kila kiangazi ili nyasi mpya ziote. Moshi ulikuwa umelala juu ya maji. Msalaba wa kweli ulionekana kwa shida. Wa uongo haukuonekana kabisa.

"Nimeipata," alisema Masatu. "Tazama."

Akamshikia, kwa kuwa mikono yake haikuweza. Eufrasia alitazama.

"Limekua," alisema.

"Nini?"

"Wingu. Limejaa kote. Hakuna nyota hata moja, ni wingu tu."

Kwa kitambo kidogo Masatu alifurahi. Halafu akaona mkewe anavuta pua. Alinusa ile darubini, akainusa tena. Kidole chake kilichovimba kilipita kwenye mshono wa chuma, kikatoka na mchanga mwembamba mweusi. Kila aliyezaliwa pale anaujua mchanga ule.

"Hii ilikuwa ziwani," alisema.

Masatu aliishusha darubini.

"Benedikta hakuichukua."

"Hapana."

"Wala Clementi."

"Hapana. Niliogopa, Mama Helena. Niliitupa mimi."

Pumzi ya Eufrasia ilipanda na kushuka. Masatu aliisikia mgongoni mwa mkewe inavyokwama. Alisubiri atukanwe. Angepona kama angetukanwa.

"Niitie Benedikta," alisema Eufrasia. "Nina neno naye."

Alimrudisha ndani, akaenda kwa balozi usiku uleule. Clementi alikuwa anakula. Masatu alisema yote akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti na asingekikalia.

"Subiri," alisema Clementi. "Mwaka na zaidi mke wako ananitemea mate. Na wewe kila asubuhi unakuja, shikamoo balozi, umeamkaje balozi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Una roho, Masatu. Mimi nisingeweza." Alisukuma sahani. "Benedikta hayupo. Yuko Butiama, binti yetu amejifungua. Nenda kamwambie mwenyewe. Hilo sitakusaidia kulisema."

Akaondoka kabla jua halijatoka. Alimwambia mkewe, "Naenda kumleta." Eufrasia alifumbua macho kidogo. Huenda alitaka kusema asiende. Masatu hakukaa kusikia. Alikuwa mtu wa kwenda. Tangu mwanzo wa ugonjwa ule kila kitu alikijibu kwa miguu.

Butiama alifika jioni. Benedikta alitoka na mjukuu mgongoni. Alisikiliza hadi mwisho. Kwanza alimwita shetani. Pili alisema, "Na mimi nilimwita tasa." Akamshusha mtoto mgongoni akampa mama yake, akafunga kanga ya safari. Lori halikupatikana hadi kesho yake mchana.

Walipofika kilimani juu ya kijiji, siku ya pili jua likiwa linazama, waliona watu wengi uani kwa Masatu. Benedikta aliweka mikono kichwani akapiga kelele. Masatu aliendelea kutembea mwendo uleule.

Clementi ndiye aliyemsimulia, wakiwa wamekaa msibani, na hakusimulia hadi alipoulizwa.

Jioni ile Masatu alipofika Butiama, balozi alikwenda kumjulia hali Eufrasia. Bibi Nyangi akamwambia mgonjwa anaomba kutolewa nje. Akambeba. Moshi ulikuwa mwingi, hakuna kilichoonekana. Eufrasia alitazama tu upande ule, macho wazi.

"Akaniambia, nisamehe, balozi. Nikamwambia yameisha. Akasema nimwambie Benedikta vilevile, na kwamba pamba apande Kilimia kikishatoka vizuri, asikimbilie mvua ya kwanza. Tukakaa. Ikafika muda nikaona shingo imelegea."

Masatu alingoja. Watu waliimba, wakanyamaza, wakaimba tena.

"Na mimi?" aliuliza. "Alisema nini juu yangu?"

Clementi alitafuta neno. Alikuwa mtu mwema, angeweza kulitunga moja, na Masatu alikuwa anamwomba kwa macho alitunge.

"Aliuliza kama umefika," alisema.

Walimzika Eufrasia karibu na Helena. Benedikta alilia kuliko ndugu. Leodgar barua ilimfikia mwezi wa tisa.

Miaka ilikwenda. Rais Mwinyi aliingia, wakasema ruksa. Bidhaa zikarudi, sabuni za kila rangi hadi mtu anashindwa kuchagua. Sangara wakajaa ziwani, wazungu wakawanunua, barabara ya Musoma ikajaa magari ya barafu. Siku moja Masatu alikwenda Iringo kutafuta nyuzi, akaona dirishani mwa duka darubini tatu zimepangwa pamoja na redio na saa. Kijana wa duka alimwona amesimama.

"Karibu, mzee. Shika, ujaribu. Kushika ni bure."

Masatu alishika. Aliielekeza barabarani. Aliona vizuri mno: mwanamke anamenya machungwa, na kisu chake, na ganda linavyoning'inia bila kukatika. Ilikuwa nyepesi. Haikuwa na harufu yoyote.

"Unataka ya kutazamia nini, mzee? Mitumbwi?"

"Hapana. Nilikuwa natazama tu."

Akairudisha, akanunua nyuzi zake, akaenda.

Hakuoa tena. Mwaka wa themanini na tisa mchwa waliimaliza ile nyumba ya zamani, akaita fundi wajenge nyingine. Ufukwe ule nyumba zote zinatazama ziwa, kusini, kwa ajili ya upepo na ili mtu aone mitumbwi inaporudi. Fundi alichora msingi kwa jembe, akaweka vijiti viwili vya mlango upande wa maji. Masatu akaving'oa. Alizunguka akavichomeka upande wa pili, unaotazama mlima.

"Mzee," alisema fundi, "ziwa liko huku."

"Najua liko wapi."

"Jioni utakaa uani unatazama mawe?"

"Chimba," alisema Masatu.

Fundi akachimba.